Mfuniko wa Masizi

Nianze na miwani yangu, kwa sababu bila hiyo aibu hii isingekuwa na sura. Niliivaa tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa na vioo vinene na fremu nyeusi iliyofungwa kwa uzi wa nyavu upande wa kulia. Katika soko lote la Kashikishi, miaka ile ya mwisho ya tisini, fundi redio mwenye miwani alikuwa mimi peke yangu. Watu walipita vibanda viwili vya wenzangu wakaleta redio zao kwangu. Waliamini kwamba mtu aliyeharibu macho kiasi hicho lazima awe amesoma sana. Sikuwasahihisha.

Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ambo, wa upande wa Kongo. Alivuka Ziwa Mweru na magunia ya chumvi, akamwona mama, akasahau njia ya kurudi. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili cha kwao, barabarani Kibemba, na shuleni Kiingereza. Nilikuwa na lugha tatu, kibanda chenye bati jipya na miwani. Nilijiona mtu, tena mtu mzito. Kisha dada yangu mdogo akaolewa.

Mume wake naye alitoka ng'ambo. Vita ilipoanza kwao alivuka na nguo alizovaa na chuma cha kulehemu alichokifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili maji yasikiguse. Mtu anayekimbia vita akabeba chuma cha kulehemu badala ya blanketi, huyo ni fundi, na mimi nilijua hivyo siku ya kwanza nilipomwona. Nilimpa kiti kibandani kwangu. Nilimwambia kila mteja kwamba namfundisha kazi. Haikuwa kweli hata kidogo. Alikuwa akifungua redio iliyonishinda wiki nzima, anaitazama, anagusa mahali pamoja, na redio inaimba. Halafu ananirudishia bila neno, kana kwamba nilikuwa nimeimaliza mwenyewe. Bora angejisifu. Mtu anayejisifu unaweza kumchukia ukapumzika.

Tulikuwa hivyo, bega kwa bega, yeye akiniita shemeki, yaani shemeji, na mimi nikimwita vivyo hivyo, mhandisi alipokuja kwetu Nchelenge.

Alikuwa mwanamke wa kizungu, mrefu, mwenye makovu madogo ya kuungua vidoleni, na kwa makovu hayo nilimwamini mara moja. Alikodi nyumba karibu na ufuko, nyuma ya majiko ya kukaushia samaki, akateremsha masanduku manne na kindege kimoja cha mbao nyepesi. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa na urefu wa mkono wangu. Hakikuwa na rubani. Alikiongoza kwa kidude cha redio akiwa amesimama mchangani. Alichotaka kukitengeneza ni kamera ya kuona joto, ile miale ambayo jicho la mtu haliioni, iwe ndogo na nyepesi kiasi kwamba kindege kile kiweze kuibeba. Kamera za namna hiyo zilikuwapo, alisema, lakini zilikuwa nzito kama dumu la maji. Yake ilitakiwa ienee kiganjani. Mtumbwi ukichelewa kurudi, kindege kirushwe kutoka ufukweni, kipite juu ya maji, kitafute vichwa vya watu. Hakuna nyumba ufukoni kwetu isiyoelewa jambo hilo. Mjomba wangu mmoja alitoka kwenda Kilwa, kisiwa cha humu humu ziwani, asubuhi ya upepo, na hajarudi mpaka leo.

Alihitaji mtu wa kulehemu nyaya nyembamba na mtu wa kumfasiria. Nilimwambia anaweza kupata wote wawili ndani yangu. Akacheka, akaniandika kazi, na siku ya tatu akamwona shemeji akilehemu. Siku ya nne tulikuwa wawili.

Basi tulifanya kazi. Misimu miwili ya kiangazi tulifanya kazi, na sitasema uongo kwamba haikuwa raha. Kila kitu tulikipima kwenye mizani ndogo ya mama mmoja muuza viungo sokoni. Tuliondoa skrubu, tukaweka gundi. Tulikata ganda la bati, tukabakiza mbavu. Mtikisiko wa injini ulivuruga picha, na mimi ndiye niliyekata ndala za zamani, zile zile ambazo wavuvi huzikata kuwa maboya ya nyavu, nikaiwekea kamera kitanda cha sponji. Ilitulia. Mhandisi akasema, “Safi.” Neno moja. Nililiweka moyoni kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Siku ya kwanza tulipowasha kamera, mhandisi alituweka mbele ya jicho la kamera mmoja mmoja, tukajitazama kwenye televisheni ndogo nyuma ya gari lake. Uso wa mtu ulitoka mweupe, pua yenye ubaridi ikatoka ya kijivu. Zamu yangu ilipofika watu waligaragara kwa kicheko. Joto halipiti kwenye kioo cha kawaida, alituambia, na ndiyo sababu jicho la kamera halikuwa la kioo bali la jiwe jeusi linalong'aa. Kwa hiyo kamera haikuyaona macho yangu. Iliona miwani tu, baridi, mabaka mawili meusi ya mviringo katikati ya uso mweupe.

“Shemeki, umekuwa fuvu kabisa!” mume wa dada yangu alisema, machozi yakimtoka.

Nilicheka pia, kwa sababu usipocheka wanacheka zaidi. Lakini nilikumbuka nani alicheka kwa muda mrefu kuliko wote.

Sasa nieleze habari ya kope, maana ndiyo kiini. Ndani ya kamera ile kulikuwa na vidoa vingi mno vya kuhisi joto, na kila kidoa kilikuwa na tabia yake. Kimoja kinatia chumvi, kingine kinazubaa. Ili visikizane, lazima kwanza vyote vionyeshwe kitu kimoja chenye joto sawa pande zote, kamera ikikariri. Chochote inachokiona wakati huo inakihesabu kuwa si kitu, na baadaye inakiondoa katika kila picha. Kamera kubwa zina kijifuniko cha ndani kinachojifunga na kujifungua chenyewe kwa kazi hiyo. Sisi tulikiita kope. Kope na mota yake vilikuwa vizito, kwa hiyo tulivikata na kuvitupa. Badala yake, kabla ya kindege kuruka, mtu alikishika kifuani, akanyoosha mkono mbele ya pua ya kindege, ilipokaa kamera, akiwa na mfuniko wa mkebe wa maziwa, mhandisi akabonyeza kitufe, akasema tayari.

Mfuniko haukufaa. Picha zilitoka na madoa na vivuli, na kila siku vilikuwa vipya. Wiki tatu mimi na mhandisi tulikaa juu ya meza tukilehemu upya waya ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Shemeji hakuwa mezani. Alikuwa amekaa jikoni kwa dada yangu, nyuma ya nyumba, kamera magotini, akiielekeza kwenye sufuria. Dada alikuwa na sufuria mbili motoni, moja imesuguliwa ikang'aa, nyingine nyeusi kwa masizi ya kukausha samaki. Zote mbili zilikuwa zikichemka.

“Shemeki, kuya uone,” aliniita kwa Kiswahili cha kwao Kongo. “Ile ya mweusi njo inasema kweli, inaonekana moto. Ile ya kung'aa inadanganya. Inaonyesha joto ya batu benye kusimama mbele yake, haiko joto yake.”

Nilizitazama sufuria zile. Nilikuwa nimezitazama maisha yangu yote. Kwa mama, kwa shangazi, kwa dada, kila siku ya Mungu sufuria inayong'aa na sufuria yenye masizi, na mimi ndiye mwenye miwani. Akauchukua mfuniko wa maziwa, akaushika kwa koleo juu ya moshi wa samaki, akauzungusha polepole mpaka ukawa mweusi wa kufifia, sawasawa, bila alama. Asubuhi iliyofuata tulirusha. Ziwa lilitoka jeupe, maana maji hulala na joto lake, na mitumbwi ilitoka myeusi juu yake, na ndani ya kila mtumbwi watu walionekana kama punje za mahindi. Hakukuwa na doa hata moja.

Mhandisi alimshika shemeji mabega yote mawili. Alisema mengi. Alisema katika maabara yao watu wenye shahada wangechukua mwaka mzima kulifikia jambo hili. Alisema ana jicho ambalo halifundishwi. Alisema ana bahati kubwa kumpata. Kisha akanigeukia ili nifasiri, kwa kuwa shemeji alijua Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza hakukijua.

“Anasema iko muzuri,” nilimwambia.

“Njo yote?” aliuliza shemeji. “Amesema mingi.”

“Bazungu banasema mingi.”

Nilifanya hivyo tena na tena. Sifa zake zilipita mdomoni kwangu, na zilipotoka upande wa pili zilikuwa zimekonda. Makosa yake niliyafasiri yakiwa na mafuta. Wivu ulikuwa umenikaa kooni, nalala nao, naamka nao, nala nao nshima, ugali wetu. Nilimwonea gere kwa mikono yake, kwa utulivu wake, hata kwa jinsi dada yangu alivyomwekea kichwa cha samaki, ambacho zamani aliniwekea mimi.

Katika msimu wa pili mhandisi alituambia kwamba wageni watano watakuja, wale wanaoitegemeza kazi yake kwa fedha. Wakiona kindege kinawapata watu majini, kazi itaendelea. Na akiondoka, atamchukua mmoja wetu kwa mwaka mmoja, akakae naye kwao, kwenye meza ya maabara ambako kamera zenyewe zinatengenezwa. Alisema mmoja, akatutazama wote wawili, kisha macho yake yakabaki kwa shemeji kidogo zaidi. Labda haikuwa hivyo. Mimi niliona hivyo.

Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kutaka mke. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na sikuwahi kufika mbali zaidi ya Mansa.

Siku moja kabla ya wageni, ufuko wote ulikuwa ukisugua. Kwetu mgeni hapakuliwi chakula kutoka sufuria yenye masizi. Ni sawa na kumwambia hukumtarajia. Wanawake waliteremka majini na sufuria zote, sinia zote, mifuniko yote, wakasugua kwa majivu na mchanga mpaka ukipita juani unafumba macho. Dada yangu, aliyepewa kazi ya kupika, alikuwa nao. Shemeji alikuwa ameupaka mfuniko masizi mapya adhuhuri, akaufunga ndani ya kitambaa cha gunia la unga, akautundika kwenye msumari. Kisha yeye na mhandisi wakapanda gari kwenda bandarini Kashikishi kupatana na wavuvi watakaojitupa majini kesho. Mimi niliachwa na nyaya. Hakuhitaji mkalimani, alisema mhandisi, kwa Kiswahili kibovu ambacho sikujua tangu lini anakisema, na ambacho hakukijifunza kwangu. Niliwasikia wakicheka mpaka gari lilipopinda.

Nilishusha kitambaa kutoka msumarini. Niliteremka ufukoni, mbali kidogo na wanawake, nikachuchumaa, nikachota majivu na mchanga.

Nilijiambia nasafisha kwa ajili ya wageni. Mtu akitaka kufanya ubaya haishiwi sababu. Lakini mikono yangu ilijua. Nilisugua ule mfuniko kwa hasira ya misimu miwili, kila jino la dada yangu likicheka utani wa mumewe, kila “ana jicho ambalo halifundishwi” niliyoimeza. Masizi yalitoka, yakafanya wingu jeusi majini, likaondoka. Mfuniko uling'aa. Kesho atausogeza mbele ya kamera bila kuuangalia, kama anavyofanya kila siku akizungumza na mtu pembeni, picha zitaharibika mbele ya wageni, na nani alipewa kazi ya mfuniko? Sikutaka afe. Nilitaka akosee mara moja, watu wakiona.

“Yaya!” Dada yangu, aliyeniita hivyo kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, alikuwa amesimama nyuma yangu, sinia kichwani. “Lelo unasugua byombo? Nikuletee na kitenge ufunge?”

Wenzake walicheka. Nikacheka pia. Niliufuta mfuniko kwa shati, nikaurudisha kwenye kitambaa, na kitambaa kwenye msumari.

Alfajiri wageni walifika na makoti yao. Ilikuwa kipupwe, mwezi wa sita, moshi wa majiko umelala chini juu ya maji. Wavuvi watatu walikuwa tayari mbali ziwani, kando ya mtumbwi wao, wakingoja ishara ili wazame mpaka shingoni. Nusu ya ufuko ilikuwa imekuja kutazama. Dada alikuwa mbele, mikono ina harufu ya samaki, anatabasamu. Shemeji alifunga betri, akakagua mabawa, akachukua kindege na kitambaa chake.

Mhandisi akamzuia. Alinigeukia mimi.

“Leo ushike wewe,” alisema. “Wewe ndiye wa kwanza kufanya kazi na mimi hapa. Mara nyingi hatukutaji. Nataka wageni wakuone.”

Naomba mnisikilize hapa. Hayo ndiyo maneno niliyoyasubiri kwa misimu miwili. Yalifika yote kwa mara moja, mbele ya watu, na yalipofika hayakuwa na mahali pa kukaa. Shemeji alinipa kindege kwa mikono miwili, kwa heshima, akanipa na kitambaa. “Nenda, shemeki,” alisema. “Ni siku yako.”

Ningeweza kusema. Jiko la dada lilikuwa hatua thelathini kutoka pale, moshi tele, kazi ya dakika tano. Nilikuwa na lugha tatu, na hakuna hata moja iliyofungua mdomo. Nikakiweka kindege kifuani. Nikaufunua mfuniko, nikaugeuza haraka ili wageni wasiuone uking'aa, nikanyoosha mkono mbele ya pua ya kindege, na jua changa likanipiga usoni kutoka ndani yake. Nilijiona. Nilijiona vizuri kabisa, na miwani.

“Tayari,” alisema mhandisi kutoka garini, macho yake kwa wageni. Alikuwa amebonyeza.

Nilikirusha. Kilipanda vizuri, kikaenda juu ya ziwa, na watu wote wakakimbilia nyuma ya gari. Nilifika wa mwisho.

Ziwa lilikuwa jeupe kama kawaida. Katikati ya ziwa kulikuwa na uso. Ulikuwa mweusi, mkubwa kuliko kisiwa, mashavu, masikio, shingo, na mahali pa macho palikuwa na miduara miwili iliyong'aa kwa weupe. Kamera ilikuwa imenikariri kuwa si kitu, na sasa ilikuwa ikiniondoa katika kila picha, na mahali iliponiondoa palibaki na umbo langu. Kindege kilipinda kushoto, uso ukapinda nacho. Kilipita juu ya wale wavuvi watatu, na watatu wote wakaingia chini ya shavu langu wakapotea.

“Mayo!” alisema mtu. “Ni fundi wa miwani!”

Kicheko kikapasuka, kile kile cha siku ya kwanza. Wageni hawakucheka. Mhandisi alikishusha kindege, akaja kwangu, akautoa mfuniko mkononi mwangu, akaugeuza juani. Hakupaza sauti, akauliza kwa Kiswahili chake kibovu.

“Nani ameondoa masizi?”

Niliwaza kusema sijui. Nikamtazama dada yangu, na hapo nikaona kwamba “sijui” haipo tena. Alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa akiitazama mikono yangu, na majivu yalikuwa bado chini ya kucha. Kisha akamtazama mumewe. Naye akazitazama kucha zangu. Kisha shemeji akainua macho usoni kwangu. Nilisubiri aseme. Nilitaka aseme! Angesema, ningekuwa na haki ya kumchukia maisha yote.

“Muambie ni miye,” alisema. “Muambie niliona bamama banasugua byombo juu ya bageni, na miye nikasugua mufuniko. Kichwa yangu ilikuwa fasi ingine. Muambie pardo. Nitaipaka sasa hivi.”

Kiswahili kirefu hivyo kilimshinda mhandisi; alinigeukia, akingoja. Dada yangu naye alikuwa akingoja. Shule aliiacha mapema, Kiingereza hakukijua, lakini alikuwa amesikia alichosema mumewe, na sasa alitaka kuona nitakachokisema mimi.

Nikafasiri. Misimu miwili nilikuwa nimekata maneno ya wale wawili, nikiyapunguza uzito kama ganda la kamera. Asubuhi ile sikupunguza chochote. Nilisema ni yeye. Nilisema wanawake, vyombo, wageni. Nilisema kichwa chake kilikuwa kwingine. Niliomba radhi kwa niaba yake, kwa Kiingereza kizuri kuliko chochote nilichowahi kusema.

Mhandisi alikuwa ameziona sufuria zile jana yake zikiwaka juani, akaamini. Shemeji tayari alikuwa akikimbia kwenda jikoni na koleo. Kabla jua halijapanda sana kindege kiliruka tena, na vichwa vitatu vilionekana wazi, vyeupe juu ya maji meupe kidogo, mtumbwi mweusi kando yao. Wageni walipiga makofi. Kazi ile iliokoka. Baadaye walikula wali na samaki kutoka sufuria zinazong'aa, na dada yangu aliwapakulia wote, nami pia, bila kunitazama. Kichwa cha samaki kilikuwa kwenye sahani yangu. Sikuweza kukila.

Jioni hiyo hiyo mhandisi alituita. Alisema amefikiri sana. Alisema moyo wake ulikuwa kwingine, lakini kwenye meza ile kosa moja dogo huharibu kazi ya miezi, na anahitaji mtu asiyesahau. Akaniomba nimweleze shemeji kwa upole. Nilimweleza hata hiyo, neno kwa neno. Aliitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama kule ni baridi.

Asubuhi ya safari dada yangu alikuja kituoni peke yake. Aliniletea samaki wakavu, na juu yao kitambaa cha gunia la unga kilichofungwa mafundo mawili.

“Bwana yangu anasema kule hapana majiko ya samaki,” alisema. “Anasema, masizi utapata wapi?” Akanisukumia kitambaa mikononi. “Miye nilimukataza. Sikutaka kukupa.”

Nilikaa na kitambaa kile mwezi mzima bila kukifungua. Katika maabara ile walinipokea vizuri. Mhandisi alikuwa amewasimulia habari za mfuniko, na siku moja wakuu wake walisimama mezani kwangu wakaniuliza ni nani hasa aliyewaza jambo la masizi. Nilisema ni wazo la kwetu kule, la ziwani. Walitikisa vichwa kwa heshima. Walitaka kuuona.

Nikaufungua mbele yao. Shemeji alikuwa ameupaka upya, mweusi wa kufifia, sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Safari yote ile, mabasi na ndege, haikuwa imeacha hata alama ya kidole. Niliusogeza karibu na uso wangu. Nilitafuta miwani yangu ndani yake, sikuiona. Sikuona mtu yeyote.

Ilinipasa nilie, au niseme jina lake palepale. Lakini ninaandika kweli, kwa hiyo niandike na hili: kitu cha kwanza kilichopanda kifuani kwangu, kabla ya aibu, kilikuwa kile kile cha zamani. Niliwaza, hata masizi anayapaka vizuri kuliko mimi.